Kikombe Chekundu cha Binti wa Mfalme

Ghalia alikuwa mshonaji kofia, na kofia ya mkono huyafunza macho kazi moja tu: kutazama kitobo kimoja mpaka kiishe, ndipo uende cha pili. Miaka ishirini alikuwa akishona barazani kwake Ibra, na kila Jumatano akizipeleka kofia zake kwenye soko la wanawake, lile ambalo mwanamume hatii mguu. Wanawake wenzake walimjua kwa jambo moja. Ukimwonyesha kofia iliyoshonwa na mtu mwingine, atakwambia mshonaji alichokea wapi, na wapi aliinuka akenda kutazama chungu jikoni.

Skuli hakusoma sana. Aliletwa Oman kutoka Unguja akiwa na miaka mitano, akatolewa darasa la sita mama yake alipougua, na tangu hapo alichojua alikijua kwa kutazama. Mumewe, Khalaf, alikuwa akifanya kazi ya zamu kiwandani Sur. Binti yao wa pekee, Shahad, alikuwa na miaka ishirini na moja, mwaka wake wa mwisho chuoni Nizwa, akisomea ualimu wa kuchora. Wote wawili walikuwa wakirudi nyumbani kila Alhamisi, na Ghalia aliishi kutoka Alhamisi hadi Alhamisi, akiwaza ngamia wanaokata njia, madereva wanaosinzia, na mvua zinazojaza wadi, yale mabonde makavu ya mito, ghafla.

Alhamisi moja Shahad aliteremka kwenye basi dogo la wasichana, akasimama kidogo mlangoni kabla ya kuingia, kama mtu aliyepanda ngazi nyingi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekuwa kama karatasi?"

"Safari tu."

Baada ya sala ya alasiri alileta kompyuta yake barazani, akaiweka baina ya sahani ya tende na birika la kahawa. Alikuwa amepewa kazi na mwalimu wake: baada ya wiki tano asimame mbele ya darasa zima aeleze siri za picha moja maarufu, iliyochorwa Uhispania karibu miaka mia nne iliyopita, ndani ya kasri la mfalme. Nusu ya alama za mwaka zilikuwa hapo.

"Nisaidie, mama. Wewe una macho."

"Mimi na Wahispania wapi na wapi?" Lakini Ghalia alikuwa ameshavaa miwani. "Haya. Huyu mtoto wa katikati nani?"

"Binti wa mfalme. Ana miaka mitano."

"Na hawa wawili wanaomwinamia?"

"Mabinti wa wakubwa, wanamhudumia."

"Na huyu mfupi, anamkanyaga mbwa kwa nini?"

"Anamchokoza. Mbwa wala hana habari."

"Mbwa ndiye mwenye akili humo ndani. Na huyu bwana mwenye brashi?"

"Mchoraji mwenyewe, kajichora. Turubai lake hili kubwa sisi tunaliona mgongo tu. Siri ya kwanza hiyo, yaani anamchora nani? Sasa tazama nyuma kule ukutani. Kile kioo. Mfalme na mkewe wamo ndani ya kioo."

Ghalia alikisogelea kioo mpaka pua ikakaribia kugusa. Kisha akarudi nyuma taratibu, akajigusa kifuani. "Basi wamesimama hapa. Nilipokaa mimi."

Shahad alipiga makofi. "Wallahi, mwalimu katumia saa nzima kutufahamisha hivyo!"

Wakaendelea. Msalaba mwekundu kifuani mwa mchoraji, Shahad alisema, ulitiwa baadaye, picha ilipokuwa imeshakwisha zamani, na watu wengine hudai mfalme ndiye aliyeutia kwa mkono wake, ingawa hakuna uhakika. Yule mtu aliyesimama mlangoni juu ya ngazi, hakuna ajuaye kama anakuja au anakwenda.

"Hendi wala haji," alisema Ghalia. "Kashika pazia. Anangoja wakubwa wapite."

Shahad akaandika. "Na huyu mama wa nyuma?"

"Kajifunika kama mfiwa. Nani huyu?"

"Mlinzi wa wasichana. Kazi yake ni kuwaangalia wao."

"Mbona basi haangalii? Anapiga domo na huyo mwanamume kivulini."

"Ndiyo wewe huyo, mama."

"Mimi!" Ghalia alimpiga kofi dogo la paja. "Mimi nipige domo mwanangu yuko mbele yangu? Hujanipata bado."

Walicheka, na Shahad akakohoa kwa kucheka, akapumua kwa mdomo. Kisha akaweka kidole kwenye kikombe. Msichana aliyepiga goti alikuwa akimpelekea mtoto wa mfalme kikombe kidogo chekundu juu ya sinia. Mkono wa mtoto ulikuwa umeshakikaribia, lakini macho yake yalikuwa pengine kabisa.

"Kikombe hii ya udongo," alisema Shahad, kwa Kiswahili chake cha watoto waliozaliwa huku. "Ililetwa kutoka mbali, ng'ambo ya bahari. Maji yake yananukia. Na wanawake wa kasri ile wakishakunywa maji, wanaitafuna kikombe yenyewe, kipande kwa kipande. Wengine wanasema walitaka uso uwe mweupe. Wengine wanasema kwa sababu zao za kike."

"Wakila udongo?"

"Wakila. Unajua ladha yake? Kama mvua ya kwanza ikianguka juu ya vumbi. Ukianza huwezi kuacha."

Ghalia alimtazama binti yake, si picha. Shahad alikuwa amemeza mate.

"Umejuaje ladha?"

"Nimesoma." Akafungua ukurasa mwingine haraka.

"Na huyu mtoto," Ghalia aliuliza, "aliishia wapi?"

"Aliolewa na mjomba wake, mfalme wa nchi nyingine. Mimba juu ya mimba. Alikufa ana miaka ishirini na moja."

Asubuhi yake, Khalaf akiwa bado amelala, Ghalia alikwenda uani ulipotundikwa mtungi wa maji, mtungi mdogo wa udongo wa Bahla ambao maji yake hupoa kivulini. Mdomo wa mtungi ulikuwa umelika upande mmoja. Kwa wiki kadhaa alikuwa ameona hivyo na kuwasingizia ndege. Sasa alipitisha kidole, na kidole kikaingia kwenye alama ndogo ndogo, moja baada ya moja. Ndege hana meno. Alikwenda kwenye mkoba wa Shahad, akafungua mfuko wa pembeni, akakuta kipande cha chetezo cha udongo kilichovunjwa, kimefungwa vizuri ndani ya kitambaa cha karatasi, ncha yake imelowa.

Alikaa chini pale pale, mgongo ukutani.

Kwao Unguja, mwanamke anayetafuna udongo ana mimba. Hakuna tafsiri ya pili. Mama yake alikula, dada yake Nada alikula, na yeye mwenyewe alipokuwa na Shahad tumboni aliletewa udongo wa kula kutoka sokoni Unguja, umekatwa vipande kama vidole, akiuficha chini ya mto. Jirani Muomani wa Ibra angeuona mtungi ule asifikiri kitu. Ghalia aliuona akafikiri kitu kimoja tu.

Shahad alikuwa mke wa mtu kwa karatasi. Milka, mkataba wa ndoa, ilifungwa baada ya Idi, baina yake na Yaqoob, kijana karani wa ofisi moja Nizwa. Mbele ya dini ni mume na mke. Mbele ya watu, bado: mpaka harusi ipigwe, mpaka mama mkwe aje kumchukua bibi harusi, msichana ni wa kwao na mlango wa chumba chake ni wa kwao. Tumbo likitangulia harusi hapana haramu, lakini pana aibu ya kutosha kumfuata mtu maisha yake yote. Ghalia alikumbuka kuwa Yaqoob na dada yake walimchukua Shahad Ijumaa moja kwenda Misfat al Abriyeen kunywa kahawa juu mlimani. Alihesabu wiki kwa vidole. Zilikaa sawasawa. Hesabu ya mtu mwenye hofu hukaa sawasawa kila mara.

Ya kufanya ilikuwa moja: kuuliza. Na hilo ndilo lisilowezekana. Kwa desturi yao, mama hasemi na binti yake mambo ya mwili. Yuko somo, mwanamke mtu mzima anayekabidhiwa msichana siku anapovunja ungo, na yeye ndiye anayefunza, anayeulizwa, anayeambiwa. Somo yake Shahad alikuwa Bi Hamda, binamu wa marehemu bibi yake, na Bi Hamda alikufa mwaka juzi. Wasichana wa leo hawatafutiwi somo wa pili. Wana simu.

Ghalia alimpigia dada yake Nada, aliyekuwa Maskati.

"Nataka kumuuliza Shahad jambo."

"Muulize."

"Nitamuulizaje?"

"Kwa mdomo, dada. Au nao umeshonwa?"

"Mambo ya kike, Nada."

"Kama ni makubwa, mlete nimuulize mimi."

"Si makubwa," alisema Ghalia, akakata simu.

Badala ya kuuliza, akatengeneza. Alimwambia Khalaf kwamba wakwe wanataka harusi mapema. Kisha akaenda kwa mama yake Yaqoob, Rumaitha, mwanamke mnene mcheshi ambaye wazee wake walitoka Tabora, akamwambia kwamba Khalaf ndiye anayetaka mapema.

"Si tulipanga baada ya kumaliza chuo, dada Ghalia?" Rumaitha alisema. "Kadi bado, ukumbi bado, hata nguo yangu mimi bado. Nyie Wazanzibari tangu lini mna haraka? Pilau lenu tu linapikwa siku nzima!"

"Kheri haingojewi."

"Kheri, sawa." Rumaitha alicheka, lakini jicho lake lilikaa juu ya uso wa Ghalia muda mrefu kidogo kuliko kicheko. "Wiki tano basi. Nitajikaza."

Alhamisi iliyofuata Shahad alipoambiwa tarehe, alikaa kwenye ngazi ya baraza.

"Hiyo ni wiki ya picha yangu."

"Mwalimu atafahamu."

"Hatafahamu. Mama, nusu ya alama za mwaka!" Alikuwa akipumua juu juu. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu," alisema Ghalia, na macho yake, bila ya yeye kutaka, yakateremka kwenye tumbo la binti yake. Shahad aliyaona yalipokwenda. Hakujua yanatafuta nini.

Wiki zile Ghalia alishona kidogo na kutazama sana. Kila alichokiona kilimthibitishia. Shahad alilala mchana: mimba. Alikataa samaki: mimba. Alitafuna barafu mpaka meno yakalia: ndiyo hiyo hiyo. Moyo ulimwenda mbio akipanda ngazi kumi. Wiki ya tatu alikuja jikoni, akaegemea mlango.

"Mama, nesi wa chuo kaniambia nipime damu. Nachoka, mama, kichwa kinazunguka. Twende kituo cha afya Jumapili?"

Nesi wa kituo cha afya alikuwa mke wa ndugu yake Rumaitha. Kitakachoandikwa pale asubuhi, kwa Rumaitha kingefika kabla ya chakula cha mchana.

"Hakuna kwenda popote," alisema Ghalia.

"Lakini mama—"

"Uchovu wa harusi huo. Ukishakwenda kwako utapima, mumeo akupeleke."

Shahad alisimama pale kwa muda, midomo yake haina rangi. Alionekana kama anataka kusema jingine. Ghalia aligeukia sufuria, akakoroga kitu kisichohitaji kukorogwa, na alipogeuka tena mlango ulikuwa mtupu.

Jumatano kabla ya harusi, Shahad akiwa amechukua ruhusa chuoni, walikwenda soko la wanawake kuchagua vitambaa, Ghalia, Shahad na Rumaitha. Joto lilikuwa limeanza. Wanawake walikaa chini na bidhaa zao, ubani, hina, nguo za nyuzi za fedha, na wote walimjua Ghalia, kila mmoja na neno lake la kumpongeza bibi harusi. Rumaitha alikuwa amenyanyua kitambaa cha kijani, anamfunikia Shahad begani.

"Hiki, binti yangu? Au utaonekana kama mchicha?"

Shahad alitabasamu. Kisha akasema, "Sioni vizuri," kwa sauti ya kawaida kabisa, akaanguka juu ya vitambaa.

Hospitali walimlaza nyuma ya pazia. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye haraka, akiuliza kwa Kiarabu huku akimfunga Shahad mpira wa mkono kutafuta mshipa. Rumaitha alisimama upande wa pili wa pazia na mkoba wa Shahad mikononi. Viatu vyake vilionekana kwa chini. Ghalia alivisahau.

"Ameolewa?"

"Milka tu."

"Anaweza kuwa na mimba? Lazima nijue kabla ya dawa."

Kama kuna saa ambayo Ghalia angeikata maishani mwake akaitupa, ni hiyo. Alikuwa ameificha siri ile wiki tano, na sasa mtoto wake alikuwa mweupe kama chokaa, na aliona kwamba siri ndiyo itakayomuua.

"Ndiyo," alisema. "Ana mimba. Miezi miwili, naona."

Shahad alifungua macho. Alimtazama mama yake kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia chumbani bila kubisha.

Mkojo ulipimwa, damu ikapimwa. Daktari alirudi, na safari hii alizungumza polepole. Hapana mimba, wala hapakuwa nayo. Damu ya Shahad ilikuwa tano, na ilitakiwa iwe kumi na mbili. Madini ya chuma yalikuwa yamekwisha mwilini. Kwa mwaka mzima damu yake ya mwezi ilikuwa ikimtoka kupita kiasi, na hakuwa amemwambia mtu.

"Alikuwa akila kitu kisicho chakula? Barafu? Udongo? Mwili ukikosa chuma hutamani vitu hivyo."

"Udongo," alisema Ghalia.

"Tangu lini umejua?"

"Wiki tano."

Daktari aliinua kichwa. "Wiki tano ulijua, na hukumleta?" Hakungoja jibu. Aliandika.

Ghalia alipofungua pazia, viatu havikuwepo. Mkoba wa Shahad ulikuwa juu ya kiti, umefungwa vizuri.

Alimkuta Rumaitha kwenye maegesho ya magari, akimngoja dereva. Alimwambia yote, mbio mbio: udongo, mtungi, kosa lake, kipimo cha daktari, karatasi hii hapa. Rumaitha alimsikiliza mpaka mwisho, bila mzaha hata mmoja.

"Mimi naamini kipimo," alisema. "Lakini mama mtu hasemi ndiyo hivi hivi, dada Ghalia. Wewe unamjua mwanao kuliko kipimo. Kama wewe ulidhani, basi lipo lililokufanya udhani."

"Halipo! Ni mimi tu. Ni woga wangu."

"Mungu amponye," alisema Rumaitha, na gari likaja.

Shahad alitiwa damu chupa mbili. Siku ya pili rangi ilianza kurudi midomoni, na sauti nayo.

"Mama," alisema, akitazama dari. "Siku ile uliuliza habari za kila mtu kwenye picha. Uliuliza mpaka mbwa. Mimi hukuniuliza."

"Niliona haya, mwanangu."

"Hata mimi niliona haya. Ningemwambia Bi Hamda, lakini Bi Hamda kafa. Nikasema nitakuambia wewe, nikaja mpaka mlango wa jiko." Akamgeukia. "Kumbe ulikuwa unanitazama wakati wote, unaona mtu mwingine."

Ghalia alitaka kumshika mkono, lakini mkono uliokuwa karibu ulikuwa na sindano.

Khalaf alikwenda kwa wakwe mara mbili. Mara ya kwanza walimpa kahawa na kumwambia harusi ingoje mgonjwa apone. Mara ya pili baba yake Yaqoob alimwambia kwa upole kwamba ni kheri kila mtu ashike njia yake, na kwamba hawadai kitu. Yaqoob mwenyewe hakutokea. Khalaf alipolileta neno hilo nyumbani, hakumlaumu mkewe. Aliomba maji, akanywa amesimama, akaondoka kurudi Sur siku moja kabla ya zamu yake.

Karatasi ya talaka ilikuja baada ya wiki mbili. Shahad aliisoma, akaikunja, akaitia ndani ya faili la vyeti vyake, akamwambia baba yake kwa simu asiende kuwabembeleza watu.

Mwalimu alimpa tarehe nyingine. Aliieleza picha yake akiwa amekaa kitini, kwa sababu miguu bado haikuwa na nguvu, na Ghalia alizijua alama zake kupitia kwa Nada. Ni Nada pia aliyekuwa akitoka Maskati kumpeleka hospitali kwenye miadi yake ya damu. Shahad ndiye aliyemwomba.

Sokoni maneno yalikwenda yalipotaka. Wapo waliosikia mimba na hawakusikia kipimo. Ghalia alikaa na kofia zake pale pale pake kila Jumatano, akajibu aliyeuliza, na wengi hawakuuliza.

Alhamisi Shahad bado huja. Hushuka kwenye basi, humwamkia mama yake, huvua abaya yake, hukaa. Na sasa Ghalia huuliza. Amejifunza kuuliza, kwa shida: umelalaje, damu imekuja lini, imetoka siku ngapi, kizunguzungu kipo, dawa umemeza. Shahad hujibu kila swali, moja baada ya jingine, kwa adabu, kama anavyomjibu daktari. Swali likiisha, na jibu limeisha.